Maziwa ya Biliqo Kwenye CV

Nyinyi mnaonitumia CV zenu kwa WhatsApp mpaka leo, na mnajua kabisa nimestaafu na macho yangu yanataka kupumzika, leo nitawajibu wote pamoja. Halafu muache ule ujumbe wenu wa "Shosho, angalia tu kidogo." Hakuna kuangalia kidogo! Nikiangalia, naangalia mpaka mwisho, chai inapoa, na mwenye CV anaanza kujuta kunijua.

Kwa wasionijua, mimi ni Mama Kinya wa Wabera, hapa Isiolo. Niliteremka kutoka Meru nikiwa msichana, nina cheti cha kupiga chapa na sanduku moja la bati, nikaajiriwa na Mzee Yusuf, Msomali mpole aliyekuwa na ofisi ya taipureta mbili hapa mjini. Alipozeeka aliniachia ofisi. Taipureta zikatoka, kompyuta zikaingia, watu wakaanza kuiita saiba, lakini kazi yangu haikubadilika: niliwaandikia watu CV. Nimewaandikia walimu, manesi, madereva, hata chifu mmoja ambaye kwenye sehemu ya mambo anayopenda aliandika "kusuluhisha." Lakini walionitoa jasho kweli ni hawa wenye digrii waliofanya utafiti. Mtu amesoma mpaka nywele zimepungua, halafu anaulizwa amesomea nini, anaanza kuangalia dari.

Kwanza niwape kisa cha Mchungaji, maana bado kinanichekesha nikiwa peke yangu jikoni. Kulikuwa na kijana wa huku juu aliyepata kazi nzuri ofisini, na CV yake ikawa maarufu. Vijana wakaanza kupeana kwenye flashi. Kila mmoja anaifungua, anabadilisha jina na shule, anaondoka. Chini kabisa, mahali pa wadhamini, hakuna aliyegusa. Siku moja Mchungaji wa yule kijana akaingia saiba kwangu, amevaa kola yake, amechanganyikiwa. "Mama Kinya," akasema, "Abdullahi ni nani? Nimepigiwa simu na ofisi moja, wananiuliza kama ni mwaminifu kanisani."

Nilishika meza nisianguke. Nikamuuliza, "Ukawaambia nini, Mchungaji?"

"Niliwaambia simjui, lakini nitamwombea."

Kumbe alikuwa amepigiwa simu kuhusu akina Abdullahi wengine, na mmoja alikuwa mtoto wa mwalimu wa madrasa! Kwa hivyo sikizeni: CV hairithiwi. Na wewe uliyefanya utafiti, mdhamini wako wa kwanza ni yule msimamizi aliyekusoma sura kwa sura akakurudishia na wino mwekundu. Huyo ndiye anayejua ulifanya nini. Mpigie simu kwanza umwambie umeandika jina lake, asishtuke kama Mchungaji wetu.

Mzee Yusuf alikuwa na desturi yake. Mteja akiketi, Mzee hagusi mashine. Anakunja mikono, anauliza, "Ulifanya nini?" Ukianza na mimi ni mchapakazi, mimi ni mwaminifu, anakukata. "Warya, we kijana, sifa zako sijakuuliza. Nimekuuliza, huko ulikokuwa ulifanya nini?" Nilikuwa namcheka kimoyomoyo, naona anapoteza wateja. Baadaye nikagundua wateja walikuwa wanarudi na watoto wao.

Niliirithi hiyo desturi, nikaongeza ukali wangu wa Kimeru. Alikuja kijana mmoja na CV nene, stepla ilikataa kupita. Alikuwa amebandika tasnifu karibu yote, na majedwali, na picha za udongo. Nikamwambia, "Umekutana na shangazi yako barabarani, amepanda boda tayari, boda inanguruma. Anakuuliza ulisomea nini. Mwambie." Akasema haraka haraka, "Shangazi, nilitafuta kwa nini visima vingine hapa vina chumvi na vingine havina, nikapata ni mwamba ulioko chini." Nikampigia makofi. Hiyo ndiyo tuliyoandika, chini ya jina la tasnifu, pamoja na chuo na jina la msimamizi. Zile picha za udongo alirudi nazo nyumbani.

Mwingine alikuwa na makala tatu, zote ameandika "zimechapishwa." Alipofika kwenye intavyuu wakamwambia, tuonyeshe. Moja ilikuwepo. Ya pili jarida lilikuwa limeikubali lakini halijaitoa, na ya tatu ndiyo kwanza ameituma, hata hawajamjibu. Akarudi kwangu amelegea. Nikamwambia, wewe si umekulia hapa kwenye soko la mifugo? Kuna ng'ombe aliyeuzwa, kuna ng'ombe mmekubaliana bei lakini bado yuko kwako, na kuna ng'ombe uliyemfikisha tu uwanjani. Ukisema umeuza wote watatu, jioni utaonyesha pesa gani? Alicheka mpaka machozi. Tukaandika vizuri: hii imechapishwa, hii imekubaliwa, hii imetumwa. Haina aibu hata kidogo. Ng'ombe aliyefika uwanjani pia ametembea.

Siku hizi simu ndizo zinawaandikia. Najua, msinidanganye. Majuzi nimesoma CV tano za vijana wa hapa Wabera, na wote watano ni watafiti "wenye shauku kubwa." Ngai! Kama Isiolo ina shauku kiasi hicho, mbona mtaro wa mbele ya nyumba yangu umeziba tangu mvua ya kwanza? Acha simu ikusaidie kupanga mistari, sikatai, mimi mwenyewe nililia furaha siku kompyuta ilipoanza kunisahihishia maneno bila kuchafua karatasi. Lakini simu haikuwepo siku ulipokuwa unafanya kazi yako, kwa hivyo itabidi wewe useme.

Sasa niwaambie kuhusu Qabale, kwa sababu kila nikiwaandikia nyinyi ni yeye ninayemfikiria.

Qabale Wario ni msichana wa Biliqo, kule Merti, na nilizoea kumwona sokoni akishuka kwenye lori na mitungi ya maziwa. Alikuja saiba mwaka wangu wa mwisho wa kazi, asubuhi, amejifunga mtandio wa kijani, anaongea polepole. Alikuwa amemaliza shahada ya uzamili. Chuo kimoja kilikuwa kinatafuta mkufunzi wa mambo ya maziwa hapa hapa mjini, na siku hiyo saa kumi na moja jioni ndiyo ilikuwa mwisho wa kutuma maombi. Aliwahi kuomba kazi mara mbili mahali pengine, hakuna aliyemjibu. "Mama, hii ikikataa," akaniambia, "naweka vyeti kwenye sanduku, naenda kuuza nguo na shangazi. Si kazi mbaya. Lakini yale maziwa nitayaacha, na mimi sitaki kuyaacha."

Nikachukua CV yake. Ilikuwa nusu ukurasa. Kwenye utafiti alikuwa ameandika: "Tulifanya utafiti wa maziwa, Biliqo." Basi. Nikageuza karatasi nione kama kuna kitu nyuma.

"Tulifanya na nani?" nikamuuliza.

"Na akina mama."

"Nani aliandika tasnifu?"

"Ni mimi."

"Nani alipanda lori la alfajiri na mitungi ya maziwa ya ngamia, kiangazi baada ya kiangazi?"

"Ni mimi, Mama, lakini ile ni lori ya kwetu."

"Nani alipima hayo maziwa?"

"Mimi."

"Sasa hawa akina mama walifanya nini, walikushikia kalamu?"

Akacheka, akafunika mdomo na mtandio. Halafu akanieleza. Kwao mtu hahesabu mifugo yake mbele za watu. Akiwa mdogo aliwahi kuhesabu mbuzi kwa kidole, mmoja, wawili, na mama yake akampiga kofi mkononi palepale. Kujihesabia mali ni kuita jicho baya. Na yeye aliona mambo ya CV ni yale yale: digrii yangu, makala yangu, kongamano langu, mtu amesimama mbele ya zizi anahesabu. Tena ujuzi wenyewe ulikuwa wa akina mama. Wao ndio wanaojua kufukiza vyombo kwa moshi wa miti fulani, maziwa yasichache njiani. Yeye alikuwa amekwenda kuona tu kwa nini yanakaa.

Basi mimi, na ujuaji wangu, nikavuta kibodi. Nikaandika: "Bingwa wa utafiti wa maziwa ya ngamia, mwenye mafanikio makubwa." Nikaandika mengine ya namna hiyo, yananukia. Nikamgeuzia kioo asome.

Alisoma mpaka mwisho. "Mama," akasema, "huyu simjui. Wakimwita intavyuu, nani ataenda?"

Nilipandwa na hasira. Waliofanya kazi na mimi wanaijua hasira yangu, inakuja bila kupiga hodi. Nikamwambia, "Basi chukua hizo haya zako uzitume peke yake, zikufundishie chuoni!" Msichana akakusanya karatasi zake taratibu, akasimama, akaenda mlangoni. Hapo akagongana na baba yake.

Mzee Wario alikuwa ameleta mbuzi sokoni, ameuza, sasa anamtafuta binti yake wale chakula cha mchana. Ni mtu mrefu, mkavu, ana fimbo yake na kofia yake ya kufuma. "Salaam aleikum," akasema. Nikaitikia, nikamvutia kiti, nikamimina chai, maana hasira yangu haijawahi kumkuta mgeni. Qabale akalazimika kuketi tena, huwezi kuondoka baba yako amepewa chai. Nami kwa kutafuta la kusema nikauliza, "Mzee, habari za huko? Mvua imenyesha?"

Nyinyi wa mjini mngesema "iko sawa" mkamaliza. Mzee Wario aliweka kikombe chini kwanza. "Nimetoka Biliqo jana," akasema. "Nimepita Merti. Mvua ya Merti nimeona kwa macho, na mguu wangu umeingia matope. Ya upande wa kule juu sijaona, nimeambiwa na kijana wa Roba, na huyo kijana si mwongo lakini ana haraka. Nyasi iko. Ya kondoo na mbuzi. Ya ng'ombe bado, ni fupi. Maji nimeonja mwenyewe, ni tamu."

Nikamuuliza nani alimfundisha kuongea namna hiyo. Akasema ujanani alikuwa aburu, mtu anayetumwa mbele kutafuta malisho kabla boma halijahama. Aburu akirudi, wazee wanakaa chini, naye anasema: nilipita wapi, nilikuwa na nani, nimeona nini kwa macho, na nini nimeambiwa tu. Akichanganya hayo mawili, mifugo ya watu inakufa njiani.

"Na hiyo si kujisifu?" nikamuuliza, jicho langu liko kwa Qabale.

Mzee alicheka, meno yake machache yote yakaonekana. "Kujisifu vipi? Kujisifu ni kuhesabu ng'ombe zangu. Mimi nakuambia nyasi. Nyasi si yangu."

"Na aburu akirudi akaona haya, akanyamaza?"

"Huyo ni mbaya kushinda mwongo. Watu wanakaa pale pale na njaa, na yeye amekula ile habari peke yake."

Nikauliza kama watu humshukuru. Akatikisa kichwa. Wakimwamini, akasema, mzee mmoja anasema neno moja tu: tuhame. Hakuna sifa kuliko hiyo. Mtu anafungua nyumba yake, anapakia watoto wake juu ya ngamia, kwa sababu ya maneno ya mdomo wako.

Qabale akaweka kikombe chake chini. Kisha akavuta kiti mpaka mbele ya kompyuta, akafuta bingwa wangu na mafanikio yake yote. Sikusema kitu. Na mimi kunyamaza, ulizeni mtu yeyote Wabera, si jambo dogo!

Alianza kuandika mwenyewe. Elimu kwanza, ya karibuni juu. Chini yake tasnifu, jina lake kamili, na jina la msimamizi. Halafu mistari yake: "Nilisafiri na akina mama wauzaji maziwa kutoka Biliqo hadi soko la Isiolo katika misimu miwili ya kiangazi. Nilipanga utafiti, nikachukua sampuli na kuzipima mwenyewe. Maziwa ya vyombo vilivyofukizwa vizuri yalifika sokoni kabla ya kuchacha. Ufukizaji nilifundishwa na akina mama wa Biliqo, na majina yao yamo kwenye shukrani za tasnifu."

Kila alipomaliza mstari alimtafsiria baba yake kwa Kiborana, na Mzee akawa anauliza swali moja, macho amefumba. "Hii umeona kwa macho?" Nimeona. "Na hii?" Nimeona. Akafika mahali alipoandika kwamba moshi unaua vijidudu. "Hao vijidudu umeona wakifa?"

Qabale akaanza kucheka kabla hajamaliza kuulizwa. "Hapana, Abba. Hiyo nimesoma kwa kitabu cha mwingine." Na kidole chake kilikuwa tayari kinafuta. Makala yake jarida lilikuwa limeikubali, akaandika imekubaliwa. Kongamano alilozungumza akaliweka, na mahali lilipofanyika. Nikamuuliza kama kuna kingine. Akasema hakuna, ila alirudi Biliqo akawaita akina mama akawaeleza majibu kwa Kiborana, wakabishana naye mpaka jioni.

"Na hiyo umeiacha nje?"

"Hiyo pia ni kazi, Mama?"

"Chuo kinatafuta mtu wa kufundisha, wewe umefundisha watu waliokufundisha, unaniuliza kama ni kazi? Andika!" Akaiandika. Karatasi ikawa kurasa mbili safi, na ndani yake nikamwona Qabale niliyemjua. Tulituma kabla ya adhana ya alasiri. Mzee Wario akainama kwenye kioo, akauliza, "Imefika?" Nikamwambia imefika. Akasema basi sasa twendeni tukale.

Walimwita intavyuu. Aliniambia walimuuliza amepata nini katika utafiti wake, naye akawaeleza kama alivyoandika, hakuongeza chumvi, hakupunguza. Mmoja akamuuliza, una hakika gani? Akasema, "Hii niliona kwa macho. Ile nyingine bado, na ningependa kuitafuta nikiwa kwenu." Wakaandika kitu, wakamshukuru, akatoka. Halafu tukaanza kungoja, na kungoja ni kazi ngumu kuliko kuandika.

Hapo katikati niwaambie hili, nisije nikalisahau kwa utamu wa hadithi. Muwe na CV mbili. Ya chuo au ya utafiti inaweza kuwa ndefu, weka makala, makongamano, ufadhili uliopata, hata wanafunzi uliowasaidia. Ya ofisi iwe fupi, utafiti ukae mistari michache na useme unamfaa nini huyo mwajiri. Na tafadhali, anwani ya barua pepe iwe na jina ulilopewa na wazazi. Kuna daktari mzima wa falsafa alikuja kwangu na anwani ya "isiolofinest." Nikamwambia, Daktari, hata kama ni kweli, waache wengine waseme.

Qabale alikuwa akija kila siku kufungua barua pepe kwenye saiba, ingawa simu yake ingeweza. Nafikiri alitaka kuwa na mtu karibu. Siku moja nikasikia kiti kimegonga ukuta. Nikageuka, amesimama, mikono kichwani. "Mama! Mama Kinya, njoo usome wewe, mimi sioni." Nikavaa miwani. Nikasoma mara ya kwanza, nikasoma tena, kisha nikapiga vigelegele ambavyo vilimtoa muuza miraa wa jirani kwenye kibanda chake. Amepata! Tulikumbatiana tukiruka, mimi na magoti yangu haya, wateja wanapiga makofi, na machozi yananitoka bila kunipa nafasi ya kuyafuta.

"Mpigie baba yako," nikamwambia.

Netiwaki ya Biliqo mnaijua. Alipiga, ikakata. Akapiga, ikakata. Mara ya tatu Mzee akapokea, na Qabale akaweka spika ili na mimi nisikie. Nilidhani Qabale atapiga kelele tena. Badala yake akapangusa uso, akaketi wima, akasema kwa Kiswahili ili nisipitwe.

"Abba, nimefika. Ile kazi nimeona kwa macho yangu, sijaambiwa. Nyasi iko. Maji nimeonja."

Nikadhani simu imekata tena. Kisha tukasikia pumzi ya Mzee, na mbuzi wanalia nyuma yake, na mtu anauliza kwa Kiborana kuna nini. Sauti ya Mzee Wario ilipokuja ilikuwa imepasuka katikati.

"Haya," akasema. "Tuhame."